Kitabu cha Matanga

Kendu, 4 Machi 1934

Kwa Gekara wa Arasa, dukani kwa Odhavji, Kapkatet

Mwana wa dada yangu,

Salamu zikufikie huko kwenye ukungu wenu. Huku mvua imekataa, ng'ombe wanalamba udongo, na Dorcus mke wangu amenikataza kuhubiri juu ya ukame kwa sababu anasema kila nikihubiri jua linazidi. Ninakuandikia Kiswahili kwa kuwa baba yako alikulea kwa Kikisii, na mama yako akasahau kukutia Kijaluo chetu zaidi ya kile cha kuomba chakula. Silalamiki. Kiswahili ni upanga usio na mwenyewe, anayeunoa ndiye anayekata.

Mama yako yuko hapa kwangu. Kifua kilikuwa kinamsumbua kule Kitutu, na tangu Arasa afe hana wa kumchemshia maji, nikaona afadhali awe karibu na dawa za misheni. Anakohoa. Lakini anakula samaki na anagombana na Dorcus juu ya chumvi, na mtu anayegombana juu ya chumvi yuko mbali na kaburi. Anasema usimtumie blanketi jingine, umtumie majani ya chai, maana unaishi katikati yake na yeye hajawahi kuyaonja.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Phelix, niliyemfundisha kusoma kwa fimbo yangu mwenyewe. Alikwenda Kisumu akawa karani wa wakili Mhindi, amerudi na mkoba na kichwa kipya. Anasimama sokoni akiwaambia vijana kwamba Wahindi wana maandiko ya kale kuliko Musa, na kwamba maandiko yao na yetu ni maji ya mto mmoja, mtu anywe anapopenda. Vijana wanamsikiliza kwa sababu ana viatu.

Nimemwita tujadiliane hadharani mwezi wa nane, mbele ya kanisa. Sitakwenda mtupu. Nimesoma yale Wazungu waliyofasiri juu ya Veda zao nne, na yale mazungumzo ya mungu anayeendesha gari la vita akimhimiza shujaa asiogope kuua ndugu zake. Nimeona andiko linalosema kuhani alitoka kinywani mwa mungu, mtawala mikononi, mfanyabiashara mapajani, na mtumwa nyayoni. Sisi tunaovaa kipande cha serikali shingoni, bila hicho mtu hatembei, tunahitaji kufunuliwa nani alitoka nyayoni? Hilo litamvunja Phelix goti moja. Nataka la pili.

Nasikia wana kitabu cha kifo, kilichojaa mateso ya kuzimu, ambacho Wazungu wanakigusa kwa ncha ya kidole tu. Wewe umekaa na mzee yule tangu ndevu zako hazijaota, amekufundisha herufi za Kigujarati ili usome alama za magunia. Katika damu yetu hakuna mwingine anayeweza kupita mlango huo. Kitafute. Nakili mabaya yake yote, uniletee kwa posta.

Ni mimi mjomba wako,
Kepher Otiende


Kapkatet, 2 Aprili 1934

Mjomba,

Nasalimu nyumba nzima, wewe, Mama Dorcus, na mama yangu kwanza kabla ya wote. Mimi mzima. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Mvua ya mawe ilipiga chai ya mashamba yote ya upande huu, majani yakachanika kama nguo kuukuu, na wachumaji wakakaa bila kazi, wakaja kukaa barazani kwetu kutazama mvua. Barua yako ilifika katikati ya siku hizo, imelowa mpaka jina langu limeyeyuka. Pamoja na hii ninatuma majani ya chai. Mwambie mama asiyachemshe sana.

Nilimfikishia mzee maneno yako yote. Odhavji hakukasirika. Unajua anavyocheka, anacheka kwa mabega. Juu ya yule aliyetoka nyayoni alisema ni kweli imeandikwa, na watu wake wenyewe wanaigombania, kisha akasema, mwulize mjomba wako Mzungu wa shamba la chai amesoma kitabu gani mpaka akajua kwamba wana wa Hamu, yaani sisi weusi, ni wa kubeba vikapu. Swali hilo nalileta kwako ulitafutie jibu. Labda wewe unalo.

Kitabu unachotaka kipo. Kiko peke yake juu ya rafu ya mwisho, kimefungwa kitambaa chekundu, mbali na vile anavyosoma kila asubuhi akishaoga. Nilimwomba anisomee. Akaacha kucheka.

Aliniambia hivi. Ndani yake ndege Garuda anamwuliza bwana wake Vishnu mtu akifa anakwenda wapi, naye anajibiwa. Kitabu hicho ni cha nyumba yenye maiti. Mtu akifa kinafunguliwa, jamaa wanaketi chini siku zote za matanga kinasomwa, ili roho ijue njia. Matanga yakiisha kinafungwa. Siku nyingine hakiguswi, na wengi wao hawathubutu hata kukiweka nyumbani. Mara ya mwisho kilisomwa alipokufa mkewe. Kuhani aliyetoka Kisumu kukisoma alikiacha hapa, na mzee hakujua akitupe wapi. Alisema kikifunguliwa bure kinaita.

Mjomba, nina ombi. Mzee yuko tayari kunitilia sahihi kwenye kipande niende siku yoyote. Nikipitia Sotik na Kisii kwa miguu nafika. Nataka kumwona mama. Niruhusu.

Ni mimi mwanao,
Gekara


Kendu, 15 Aprili 1934

Gekara,

Tumepata chai. Tuko salama. Mvua imeanza na Dorcus anasema ni kwa sababu nilikuwa na homa ya koo nikashindwa kuhubiri.

Mama yako alikunywa kikombe kizima, akasema ina ladha ya sufuria, kisha akaomba kingine. Usiku analala ameketi, mito miwili mgongoni, lakini analala. Ninakuandikia ukweli ili usibuni mabaya.

Nimesoma barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ulipoficha kichwa chako. Kwa hiyo unaogopa karatasi. Babu yako upande wetu alikuwa na mkuki ambao haukupita mlangoni ila kuna vita, na siku nilipobatizwa niliuingiza ndani nikaufanya wa kuanikia nguo. Hakuna aliyekufa. Kila dini ya uongo ina chumba kimoja kilichofungwa, na mlinzi mlangoni anayesema ukiingia utakufa. Ukiingia unakuta popo. Andiko la kweli husomwa harusini, msibani, jikoni, na mwizi akiwa gerezani. Kitabu kinachongoja maiti ndipo kiseme, hicho ni tai, si andiko.

Na mwambie Odhavji kwamba habari ya Hamu nimeipinga mbele ya Wazungu wenyewe, nikaondolewa kwenye shule niliyoijenga kwa mikono yangu. Simwonei Mhindi. Nampiga kila mtu anayesimama juu ya mwenzake ameshika kitabu.

Usije sasa. Ukija utakuja mikono mitupu, ukirudi utakuta kijana mwingine nyuma ya meza. Njoo mwezi wa nane ukiwa na kurasa zile, uketi mbele kabisa na mama yako, usikie. Mimi ndiye ninayemuuguza. Namshika mgongo anapokohoa. Sijakuomba kitu kingine kwa kazi hiyo, na sitaomba. Naomba hiki.

Mama yako amesikia nikiandika, anasema nikuandikie maneno yake, basi haya hapa ingawa siyakubali: asome vitabu vya watu kwa heshima, na asijifunze ugomvi wa mjomba wake.

K. Otiende


Kapkatet, 20 Mei 1934

Mjomba,

Nawasalimu. Hapa baridi imeingia, ukungu unashuka kutoka upande wa mashamba kabla ya saa tisa, na dukani tunawasha taa mapema. Watu wazima.

Nimefanya ulivyosema.

Mzee alikwenda Kericho kuchukua bidhaa. Nilipanda juu ya gunia la chumvi nikakishusha. Kitambaa kilikuwa na vumbi juu tu, ndani ni safi kama nguo ya jana. Nilisoma mchana, mlango wa duka wazi, watu wakiingia kununua tumbaku, ili nisijione mwizi. Herufi nazijua lakini maneno mengine ni ya kale, yalinishinda. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyaelewa.

Kuna wajumbe wa Yama, mfalme wa wafu. Wanamfunga kitanzi mtu mbaya na kumburuta katika njia ndefu isiyo na kivuli wala maji. Anatazama nyuma, anaona nyumba yake, anasikia watoto wanalia, hawezi kurudi. Anaulizwa kwa nini hukuwapa watu maji ulipokuwa na maji. Mbele kuna mto Vaitarani, wa damu na usaha, mkubwa, una ndege wenye midomo ya chuma. Aliyetoa ng'ombe maishani mwake anamkuta ng'ombe pale ukingoni, anashika mkia, anavushwa. Wengine wanatumbukia. Kisha kuna kuzimu nyingi, kila moja na mateso yake: waongo, wanaowafukuza wazazi, wanaokula peke yao, wanaotoa ushahidi wa uongo. Nimezinakili katika karatasi hizi mbili nyingine. Goti lako la pili ni hilo.

Ila kuna mahali pengine hukuniuliza. Mtu akifa, mwili umekwisha, roho haina kitu cha kuvaa. Mwanawe ndiye anayemfanyia mwili mwingine kwa matonge ya chakula: siku ya kwanza kichwa, siku inayofuata shingo na mabega, hivyo hivyo mpaka miguu, na mwisho njaa na kiu, ili aweze kula. Bila mwana anatembea njia ile hana hata mkono wa kufuta macho. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilimfikiria mama, ambaye hana mtoto mwingine.

Nilikirudisha. Mzee aliporudi alivua viatu, akatazama rafu, akaona fundo la kitambaa si fundo lake. Nilikuwa nimejiandaa anipige au anifukuze. Akaniuliza tu, kwa sauti ya kuulizia bei:

"Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi kinangoja," akasema, akaenda kuoga kwa maji baridi ingawa baridi ilikuwa kali.

Tangu siku hiyo anakula kidogo. Anautazama mlango kila mtu anapoingia. Sisemi naamini. Nasema niandikie haraka mama anaendeleaje, na safari hii mwambie aseme neno lolote, hata la kunigombeza. Na uniruhusu nije.

Gekara


Kendu, 3 Julai 1934

Mwana wa dada yangu,

Amani iwe nawe, na kwa mzee wako pia, maana adui wa hoja si adui wa mtu. Sisi tuko. Mahindi yamefika kiunoni. Nzige waliopita Machi kwa jirani hawakutugusa. Dorcus amesuka vikapu vizuri sana mwaka huu, vya mistari miwili. Ng'ombe mweusi amezaa dume. Tumebadilisha nyasi za paa upande wa jikoni. Mwalimu mkuu mpya anatoka Maragoli, ni mtu mpole. Ziwa limepanda kidogo.

Nimechelewa kwa sababu ya kazi.

Kurasa zako nimezipokea. Umefanya kazi ya mtu mzima. Nitamwuliza Phelix mbele ya watu ni Mungu gani anayeweka ng'ombe ukingoni mwa mto ili tajiri avuke na maskini azame. Nitamwuliza kama mjane asiye na hata mbuzi atashika mkia wa nani. Lakini ile sehemu ya mwana na matonge usiisome tena. Nimeichoma moto. Ni mafundisho ya kuwafunga walio hai kamba miguuni. Wafu wako mikononi mwa Mungu, hawangoji chakula cha mtu, na popote walipolazwa ardhi yote ni ya Bwana. Hilo nitalitetea mpaka pumzi yangu ikatike.

Mama yako hakohoi tena.

Usije kabla ya mwezi wa nane. Daraja la upande wa Kisii limechukuliwa na maji.

Mjomba wako


Kapkatet, 29 Julai 1934

Mjomba,

Nakusalimu. Nimeisoma barua yako mpaka naijua kama wimbo. Imejaa habari. Umeniambia vikapu vya Mama Dorcus vina mistari miwili. Hujawahi maishani mwako kuandika juu ya vikapu.

Mpeleka mizigo wa Kisii alipita hapa juzi. Nilimwuliza daraja lipi. Alinitazama kama mgonjwa.

Nilimsomea mzee barua yako, nikiifasiri pole pole. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika pale kwamba mama hakohoi tena, alinyanyua mkono nisiendelee. Kisha akasema mjomba wako angekuwa wakili mzuri, kwa sababu hajasema uongo hata mmoja mpaka alipofika darajani. Halafu akaingia ndani, na nilimsikia akiongea peke yake kwa lugha yake, kwa muda mrefu.

Sina elimu yako. Siwezi kubishana nawe, hata ukiwa umekosea utanishinda. Kwa hiyo siulizi juu ya Veda wala Musa. Nauliza jambo moja ambalo mtoto mdogo angejibu. Mama yangu yuko hai?

Andika ndiyo au siyo. Usinipe salamu. Usinipe mvua.

Gekara


Kendu, 22 Agosti 1934

Gekara,

Nimemshinda Phelix. Ningetaka ungekuwepo. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine juu ya miti. Alianza na mto wake mmoja, nikampeleka mto Vaitarani nikamwacha huko. Nilipotaja wajumbe wenye kitanzi wanawake walifunika uso. Alijibu vizuri mara moja tu, alipouliza kama kuzimu yetu ni ya baridi, watu wakacheka, lakini nilimrudia na andiko la nyayo, na baada ya hapo hakusimama tena. Mchungaji alinishika mkono mbele ya wote. Vijana waliokuwa wake wamerudi darasani kwangu.

Tulimaliza kwa wimbo. Sikuweza kuimba.

Hilo jingine uliloniuliza ni la kuzungumzwa ana kwa ana, si la karatasi. Kaa huko mpaka nitakapokuita.

K.O.


Kapkatet, 30 Septemba 1934

Mjomba,

Onsongo wa ukoo wetu wa Kitutu amekuja huku kuchuma chai. Aliingia dukani kununua chumvi, akaniona nina nywele kichwani, akashangaa. Aliniuliza kwa aibu, Gekara, ninyi mliokaa na Wahindi hamnyoi?

Ndivyo nilivyojua.

Aliniambia yote, barazani, watu wakipita. Kwamba mama alikufa kwako, na mkamzika pale kanisani kando ya barabara siku iliyofuata, kwa shuka nyeupe na wimbo. Kwamba hakuna mtu wa Arasa aliyeitwa. Wazee wa Kitutu walisikia sokoni, kama watu wanavyosikia bei ya wimbi. Wakatuma mtu, nawe ukasimama mlangoni ukamhubiria juu ya ardhi ya Bwana mpaka akaondoka.

Aliolewa, mjomba. Ng'ombe wa baba yangu walikuja mpaka zizini kwenu, ninyi mkawapokea, wakazaa. Wewe ulisoma kwa ng'ombe wale. Nyumba yake iko Kitutu, na kaburi la baba yangu liko upande wa kulia wa nyumba ile, na upande wa kushoto pamebaki wazi. Hata kwenu mwanamke aliyeolewa hazikwi kwa kaka yake kama msichana aliyefukuzwa. Unajua. Uliyajua hayo kabla ya kujua kusoma.

Sikumwuliza Onsongo ilikuwa siku gani. Sitaki kujua kama ni kabla sijafungua kitabu au ni baada. Mtu asiniambie.

Odhavji alifunga duka. Alinyoa kichwa changu mwenyewe, kwa wembe wake, na kwetu pia mfiwa hunyolewa kwa hiyo sikuona ugeni. Alikishusha kitabu, akakifungua kwa namna inayostahili, taa imewashwa, sisi wawili tumekaa sakafuni. Aliniambia waziwazi hanifanyi Mhindi. Alisema kitabu kilifunguliwa ndani ya nyumba yake, na aliyekufa ni mama wa mtu wa nyumba yake, na asipokimaliza kitaendelea kungoja, na yeye ndiye mzee zaidi hapa. Alisoma siku zote za matanga. Mimi nilifanya matonge kwa unga wa wimbi, maana mchele mama hakuupenda. Kichwa. Shingo na mabega. Moyo na mgongo. Sijui kama ni kweli. Mikono yangu ilihitaji kazi hiyo.

Siku ya mwisho aliniuliza mama yako amelala kwa mumewe? Nikamwambia hapana. Alifunga kitambaa. Kesho yake alinitilia sahihi kwenye kipande, akanipa ng'ombe wawili na mkokoteni wa dukani.

Nakuja kumchukua. Onsongo atanisindikiza. Usiandae chakula. Usiwaite wazee. Usinisubiri mlangoni na Biblia, kwa sababu wewe ni mjomba wangu na mimi sijawahi kuinua mkono mbele ya ndugu wa mama yangu, wala sitaki kujua kama naweza.

Gekara


Kendu, 9 Oktoba 1934
Kwa mkono wa Dorcus

Gekara,

Umepita mlangoni kwangu alfajiri na mkokoteni, hukugeuza shingo. Sasa ni karibu adhuhuri na ninakuona kutoka dirishani. Ni hatua chache, mtu anaweza kurusha jiwe. Sikumbuki barua niliyoituma karibu hivi.

Weka jembe chini unisikie. Kufukua kaburi ni kosa mbele ya serikali na mbele ya kanisa. Ninaweza kumwita chifu. Mchungaji ameshatuma mtu kuniuliza kuna nini, nikajibu kwamba ni jambo la nyumbani. Watu wanakusanyika barabarani. Phelix yuko kati yao, na hilo linanitisha.

Unataka nikiri. Mimi sikiri, ninaeleza. Barua yako ya ufunguzi wa kitabu ilifika Jumatano. Nilimsomea. Alicheka pale pa mzee kuoga maji baridi. Jumamosi alikuwa amekufa. Ningekuandikia nini? Ungesema kitabu kimeita na yeye ameitika. Kapkatet nzima ingesema, kisha Kendu ingesema, na Phelix angesimama mwezi wa nane na maiti ya dada yangu mkononi kama hoja. Nisingekubali karatasi za mtu yeyote zijipatie ushahidi kwa mwili wake. Nikanyamaza. Nilimzika upesi kwa sababu hiyo hiyo. Ningewaita Kitutu, wangekuita na wewe, ungekuja ukiwa na hofu hiyo usoni, na watu wangekusoma.

Alikufa kwa kifua. Alikuwa akifa tangu Januari. Hakuna kilichomwita. Nataka uelewe hilo hata usiponisamehe: hukumwua. Njoo ndani uketi, tuyazungumze kama watu wazima, na kama mwisho wake ni Kitutu, tutaomba ruhusa, tutakwenda wote mchana kwa utaratibu.

Mjomba wako,
Kepher Otiende

Dorcus amerudi na barua. Hukunyoosha mkono. Anasema shimo limekufika magotini. Anasema hukuuliza kuhusu kifo wala kuhusu mimi, umeuliza jambo moja tu, kichwa chake kiko upande gani, ili jembe lisimguse.

Ninamtuma tena akuambie kwa mdomo, na ninaandika hapa ili asikosee. Kichwa kiko upande wa ziwa. Hakuna sanduku, ni mkeka na shuka. Amelala kwa ubavu wa kushoto, mkono mmoja chini ya shavu, nilimweka mwenyewe. Ukiona mkeka acha jembe, tumia mikono.